Meneja, Aliyekatiwa Tamaa Kabla ya Kuzaliwa

Marehemu mdogo wangu, ambaye nyote mlimwita Meneja, alizaliwa tarehe 9 Machi 1998 katika wodi ya wazazi ya hospitali kuu. Alikuwa kitinda mimba wa mama msusi na baba fundi umeme.

Mimba ikiwa na miezi minne, mama alichomwa sindano tumboni, yakatolewa maji yanayomzunguka mtoto yakapimwe. Majibu yalionyesha kromosomu moja ya ziada, ile hali ya Down. Baba akiwa bado anatafuta kiti, daktari bingwa akasema, "Huyo hatatembea, hatasema, wala hatakujua. Mtoe, utazaa mwingine."

Mama akakataa, kisha akauliza, "Na moyo wake? Nasikia watoto hawa huwa na shida ya moyo."

"Ushauri wangu umeukataa, moyo wa nini tena?"

Ndugu waombolezaji, kipimo hakikukosea. Kilisema kweli. Uongo waliuongeza watu, kwa midomo yao wenyewe.

Shule ya kwanza ilimkataa getini. Ya pili ikampokea, akasoma hadi darasa la saba, ingawa kusoma kwenyewe alijifunzia kwenye makopo ya mafuta ya nywele.

Alifanya kazi katika saluni ya mama. Alikunja taulo, akapokea wateja, akaamua nani akae kwenye kiti. Siku moja bibi harusi alitaka kuruka foleni kwa kuwa bwana anangoja. Meneja akamwambia, "Angoje. Akikimbia, hakuwa wako." Saluni nzima ikaangua kicheko, na bibi harusi akakaa.

Yeye mwenyewe hakuolewa. Kijana wa duka la jirani alipomtania kuhusu posa, alijibiwa mbele za watu kwamba ananuka sigara.

Tangu utotoni alihema haraka. Kila tulipompeleka hospitali ile ile, tuliambiwa, "Watoto hawa ndivyo walivyo." Alipofika miaka kumi na mmoja, midomo ikawa inageuka bluu akipanda ngazi. Daktari wa mji mwingine ndiye aliyempima moyo, akakuta tundu. "Lingezibwa akiwa mchanga," alisema. "Sasa mapafu yameshaharibika. Tukimpasua, tutamuua." Jambo ambalo mama aliliuliza mtoto akiwa tumboni!

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Juni 2022. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Mama, umechoka. Kaa."

Jana hospitali ile ilituletea shada la maua. Baba amelirudisha kwa mkono wake, akaliweka juu ya meza ya mapokezi, akaondoka bila kuaga.

Meneja ameacha mama, baba, kaka yake, mimi dada yake ninayewasomea haya, na wasusi wote wa saluni ambao leo hawajui nani awapangie wateja.

Yeye apumzike kwa amani. Hasira atuachie sisi.