Bi Sindano, Fundi Cherehani Aliyeiba Almasi Kwenye Filamu

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, mpwa wake, niwasomee maisha ya shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi uliochoma bila kutoa damu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la baba yake, akiwa mtoto wa nne na wa kike pekee, akasoma shule ya msingi ya jirani, kisha chuo cha ushonaji, alikohitimu mwaka 1970.

Mwaka 1974 aliajiriwa kushona mavazi ya filamu ya kusisimua, iliyotengenezwa kwa kuungaunga na watu wa nchi tatu, kuhusu almasi iliyotoa watu roho, na almasi yenyewe, msicheke, ilikuwa kizibo cha chupa ya marashi. Kazi ikiwa katikati, mwigizaji mkuu, mgeni aliyecheza mwizi wa almasi hiyo, aligombana na mwongozaji, akapanda ndege akarudi kwao, kamera zikaanza kufungashwa, ndipo shangazi, aliyesikia mazoezi yote akiwa kwenye cherehani yake, akasema, "Nguo zinanienea na maneno nimeyashika, nijaribuni." Wakamjaribu, wakaanza upya, na paa kwa paa aliruka mwenyewe, maana hapakuwa na wa kuruka badala yake.

Mwishoni mtayarishaji alitaka sauti yake ifutwe, iwekwe ya mwingine, eti lafudhi yake haiuziki ng'ambo, naye akamjibu mbele ya wote, "Sura yangu na sauti yangu ni pacha, ukimtaka mmoja, mchukue na mwenzake." Fundi sauti, kijana mkimya, akasimama, akasema kazi ya kuifuta itafutiwe mtu mwingine. Sauti ilibaki, filamu ikavuka mipaka, na kijana huyo, ndiye mzee wetu aliyeketi hapa mbele, akamwoa tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu.

Hakuigiza tena, ingawa aliitwa mara nyingi, akisema cherehani haimpigii mtu kelele arudie.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, na wodini muuguzi alipomuuliza kama ndiye yule mwizi wa filamu, alijibu, "Ndiye, na almasi sijarudisha." Alituaga Jumanne asubuhi, tarehe 2 Julai 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioupokea msiba huu kama wenu, na mafundi wenzake mliokesha kumshonea vazi alilolala nalo leo.

Umetutembeza vifua mbele, shangazi. Pumzika kwa amani.