Herufi Chini ya Vazi la Tara

Benchi la kibanda cha chai, chini ya monasteri, lilikosa amani tangu wataalamu wafike kutoka mji wa Leh na kamera yao inayoona chini ya rangi. Waliupiga picha mchoro wa mungu wa kike Tara uliomo monasterini, ambao kijiji kizima kinajua ulichorwa na Meme Stobdan, babu yake Yangdol. Chini ya vazi la Tara zikatokea herufi. Yangdol, naye mchoraji, alishika kikombe chake cha chai ya siagi, kichwa kikimgonga kwa maneno ya wazee wawili.

— Hiyo ramani ya hazina, alisema Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki.

— Hazina kwenye sketi? aliguna Sajini, mwanajeshi mstaafu. Hizo ni alama za siri za jeshi. Mpaka huu naujua mie!

— Wajomba, mara ya nne sasa! Ni majina ya rangi. Herufi hii buluu, hii kijani. Fundi anachora mistari, anaandika rangi, mwanafunzi anapaka.

— Meme alikuwa na mwanafunzi?

— Hakuwa naye.

— Ehee! Redio akapiga paja. Basi imeandika mizimu!

Yangdol alitamani kummwagia chai.

Padma, binti aliyekuja na ile kamera, akateremka kutoka monasteri na picha mkononi.

— Dada, mwandiko huu unaujua?

Yangdol akatazama. Kila herufi mkia wake umekunjwa juu, kama zile zilizoandikwa kwenye magunia ya shayiri ghalani kwao.

— Ni wa Abi. Bibi yangu.

— Bibi alimsaidia babu kupaka?

— Aliyeandika ndiye aliyechora. Aliyepaka ni babu.

Sajini akakohoa. Redio akaiinamia picha.

Padma akafungua daftari.

— Fomu ya mchoro ina jina la babu. Nirekebishe. Bibi aliitwa nani?

— Abi.

— Hilo maana yake ni bibi tu. Jina lake?

Yangdol akawageukia wazee.

— Nyie mlikula kwake!

— Tulimwita mke wa Stobdan, Sajini alisema polepole.

— Miaka yote?

Hasira zikampanda Yangdol, kisha zikamgeukia mwenyewe. Mgongo wa bibi yule ndio uliomlea, naye hakuwahi kuuliza jina lake.

— Futa la babu, alimwambia Padma. Pale pa jina pasiandikwe kitu, mpaka nilipate la bibi.