Ndama Aliyezaliwa Pesa Ikiwa Njiani

Wamama, nawasalimu. Mwenyekiti ameniambia nije mbele, lakini niacheni hapa karibu na dirisha, maana nikitazamwa na watu wengi mdomo unakauka. Kiswahili changu mnakijua, ni cha mpakani, kikipinda nyoosheni wenyewe mkiwa mnasikiliza. Jina la mtu sitataja. Wengine mmo humu ndani, mtajijua.

Mimi natoka Mella, kule Tororo. Tunalima mihogo na wimbi. Mwaka jana mume wangu alipanda juu ya nyumba kubadilisha bati lililokuwa linavuja, akateleza nalo mpaka chini, mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali wakasema unahitaji chuma cha kuunganisha, chuma tununue wenyewe, na daktari wa mifupa huja Jumatano tu. Jumatano hiyo ikitupita, mfupa utaanza kushikana vibaya, na huyo ni mwanamume anayekula kwa jembe.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, ana mimba kubwa. Ndugu zangu, ng'ombe wa namna hiyo hauzwi na mtu mwenye nafasi. Anauzwa na mtu aliyebanwa. Binti yangu akamweka kwenye mnada wa simu. Wengi mnaijua grupu ile, ina watu wa Uganda na wa Kenya: picha inawekwa, watu wanapandisha bei mpaka msimamizi anafunga. Sheria yake ilikuwa moja. Aliyeshinda alipe kabla ya saa sita mchana kesho yake. Akichelewa, mnyama anakwenda kwa wa pili.

Sikuandika kwamba mume wangu yuko hospitali. Watu wakijua umebanwa, bei inalala.

Jumamosi jioni mnada ukafungwa. Aliyeshinda ni mama mmoja wa huku Busia, upande wa Kenya. Wa pili ni mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Osukuru. Nikafurahi, mwenzenu. Nikamwambia mgonjwa, chuma kimepatikana.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa nyuma ya jiko na simu. Kabla ya saa sita yule mama akatuma picha ya ujumbe wa pesa: "Nimetuma. Angalia." Naangalia simu yangu, hakuna kitu. Nikaizima, nikaiwasha. Nikapanda kichuguu kule shambani, labda mtandao. Hakuna. Nikarudi jikoni, nikatoka tena. Uji wa watoto ukaungua nikiwa nimesimama karibu yake.

Saa sita ikapita. Msimamizi akauliza mbele ya grupu nzima, "Mama, pesa imeingia?"

Nikajibu, "Bado."

"Ameonyesha ametuma."

"Kwangu haijafika."

Yule wa Osukuru hakungoja. Akaandika, "Ng'ombe ni wangu, nakuja na pesa mkononi." Na kweli akaja, na gari dogo la mizigo na kamba. Sasa sikilizeni mambo. Anamfunga kamba tu, ng'ombe akalala chini, akaanza kusukuma. Uchungu wa kuzaa! Tukasimama pale wote, hata yeye akavua koti akasaidia kuvuta miguu. Akatoka ndama jike, mweusi, na doa jeupe kifuani.

Yule bwana akacheka. "Leo nimebarikiwa. Nimekuja kuchukua mmoja, narudi na wawili."

Hapo simu yangu ikalia. Ni mama wa Busia. Binti yangu alikuwa ameshatuma picha ya ndama kwa grupu, mtoto ni mtoto. Yule mama alipiga kelele hata yule bwana wa Osukuru akasikia. "Huyo ndama ni wangu! Nililipa kabla hajazaliwa!"

Bwana akajibu kabla yangu, "Ulilipa wapi? Pesa ni ile iliyoingia."

"Pesa ni ile iliyotoka! Ikitoka mkononi mwangu mimi nimelipa!"

Wakagombana kupitia simu yangu, mimi nimeishika katikati kama kikombe cha chai ya moto. Yule bwana akatoa pesa mfukoni, akainyoosha mbele yangu. "Mama, chukua. Nampakia sasa hivi."

Nawaambia ukweli, mkono wangu ulitoka. Niliiona Jumatano iko pale kwenye vidole vyake. Lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, ng'ombe anatetemeka, na nikafikiri, kama yule mwingine amelipa kweli? Nitakuwa nimeuza ng'ombe wa mtu.

Nikamwambia, "Ngoja mpaka kesho."

"Sasa hivi au basi."

"Basi."

Sijui nilitoa wapi neno hilo. Alifungua kamba yake akaondoka bila kuaga. Nikaketi chini kwenye majani yaliyolowa nikaanza kulia, maana sasa sikuwa na pesa ya huyu wala ya yule.

Jioni grupu ikawaka. Mama mmoja ametuma pesa, ng'ombe hajampata, ndama amezaliwa na bado yuko kwangu. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Wakasema Mganda amekula pesa na ng'ombe. Wengine wakaanza mambo ya Wakenya na Waganda, vitu vya aibu. Picha yangu ikawekwa na neno MWIZI juu yake. Msimamizi akanitoa kwenye grupu hata sijajitetea.

Jumatatu nilizunguka Tororo mjini kwa mawakala wa pesa, mmoja baada ya mwingine. Huyu anasema labda namba imekosewa. Yule anasema mtandao wa Kenya na wetu haujaongea. Hospitalini mume wangu anauliza, "Umeshanunua?" Namwambia, "Karibu." Nikitoka nje miguu inanipeleka yenyewe. Soko, stendi, hospitali, soko tena. Simu ya mtu mwingine ikilia, nashika yangu. Nilimnunulia mgonjwa ndizi, nikazisahau kwa wakala, nikarudi, nikakuta zimeliwa. Eish! Nilicheka peke yangu barabarani na watu wakanipisha.

Jumanne asubuhi nikasema, nakwenda kumwona huyu mwanamke. Kama ni tapeli, nimtazame. Kama si tapeli, anitazame. Binti yangu akanikataza, akasema watakupiga huko. Nikafunga kitenge, nikapanda gari la Busia, nikavuka mpaka.

Alikuwa amesema kwenye grupu kwamba ana hoteli ya chai karibu na soko, ndiyo maana alitaka ng'ombe wa maziwa. Nikauliza, nikaonyeshwa. Nikamkuta anasukuma chapati, mikono myeupe kwa unga, mwili mkubwa, sauti ile ile. Wateja wamejaa.

"Karibu mama, chai?"

"Mimi siyo mteja. Mimi ndiye mwizi."

Akasimamisha kile kijiti cha kusukumia. "Mwizi gani?"

"Wa ng'ombe. Kutoka Mella."

Wololo! Akazunguka meza akanijia, na mimi nikabaki pale pale.

"Pesa yangu iko wapi?"

"Nimekuletea simu. Itafute mwenyewe."

Nikaweka simu mezani, kwenye unga. Akanitazama, akafuta mikono, akaichukua. Akaanza kusoma ujumbe mmoja mmoja, anarudi nyuma siku kwa siku. Akatoa yake akalinganisha namba. Namba ilikuwa sawa. Na mimi nikauona ujumbe wake kwa macho yangu, siyo picha. Kweli alikuwa ametuma, na kabla ya saa sita.

Wakati ameshika simu yangu, ikalia ujumbe mpya wa binti yangu. Akausoma kwa sauti kabla hajajua anasoma nini. "Mama, nesi anauliza kama chuma kimepatikana, la sivyo jina la baba litolewe kesho."

Akaniuliza polepole, "Chuma gani?"

Nikamwambia yote. Bati, paja, Jumatano. Nilisema nimesimama, halafu nikajikuta nimekaa, na kuna chai mbele yangu.

Akasema, "Kwa nini hukuandika kwenye grupu?"

"Ungepandisha bei?"

Akafikiri. "Hapana. Ningeshusha."

Tukacheka kidogo, cheko baya la watu wenye njaa. Kisha akaniambia lake. Aliwahi kununua friji kwenye mnada wa simu, akalipa mapema kama mtu mwema, na mpaka leo hajaiona. Pesa ya ng'ombe ilikuwa akiba yake yote. Tangu Jumapili na yeye hakuwa amelala. Alikuwa anaogopa kumwambia mumewe kwamba ameibiwa mara ya pili.

Tukaenda pamoja mpaka ofisi ya kampuni ya simu. Kijana wa kaunta akabonyeza, akabonyeza. "Pesa imetoka kwa huyu mama, haijafika kwa huyu. Iko kati."

Mwenzangu akauliza, "Kati ni wapi?"

"Kwa mtambo. Pesa kubwa ikivuka mpaka inakaguliwa kwanza. Siku tatu za kazi. Jumapili haihesabiwi."

"Huo mtambo unakaa wapi nikaugongee mlango?"

Kijana akacheka, sisi hatukucheka. Siku tatu za kazi ni Jumatano jioni au Alhamisi. Daktari anakuja Jumatano asubuhi. Nikatoka nje nikashika ukuta.

Sasa, wamama, hapa ndipo nyinyi mnaingia. Siku ile ilikuwa Jumanne, siku ya mkutano wa chama chenu hiki. Yule mama akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa shule, akanileta ndani ya chumba hiki, na unga bado uko kwenye kitenge changu. Akasema mkopo wake anautaka leo, na pesa anipe mimi.

Mwenyekiti akauliza, "Nani anamjua huyu?"

Akajibu, "Mimi. Tumetukanana tangu Jumapili."

Mkacheka, lakini mmoja wenu hakucheka. Alisimama akasema pesa ya chama siyo ya wageni, kesho huyu akivuka mpaka tutamtafutia wapi? Nakuona umeinamisha kichwa. Usiiname, dada. Ulisema haki. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Mwenzangu akakujibu kwamba mkopo uandikwe kwa jina lake, na mimi nikikimbia, mchukue sufuria zake za chai. Mkabishana, mimi niko nje pale naenda na kurudi, naenda na kurudi. Halafu mkaniita, mkanihesabia pesa ya chuma.

Jumatano mume wangu aliingia kwa daktari. Alhamisi, nikiwa nafua mashuka yake, simu ikalia: pesa imeingia. Sikuruka. Nilikaa chini nikausoma ujumbe mpaka maji ya ndoo yakapoa. Ijumaa nikavuka, nikarudisha mkopo wenu na riba yake. Ng'ombe akaja Busia na cheti cha daktari wa mifugo, ndama nyuma yake.

Mnaniuliza ndama ni wa nani. Hata leo hatujakubaliana! Mimi nasema pesa ilifika baada ya kuzaliwa, ni wangu. Yeye anasema ilitoka kabla, ni wake. Ndama alinyonya huku Busia mpaka akaacha, akarudi Mella, na mtoto wake wa kwanza atakuja hapa. Hivyo tumefanya, lakini kila akiniona ananiuliza, "Ndama wangu anakula vizuri?"

Mume wangu anatembea na fimbo, palizi anafanya akiwa amekaa. Siyo kama zamani. Kwenye grupu walinirudisha bila kuniomba msamaha, na wapo ambao bado wananiita jina lile. Na mimi mwenyewe, ndugu zangu, sijatulia sana. Simu ikilia moyo unaruka. Labda utatulia, labda nitazoea.

Nawashukuru nyinyi wote, pamoja na yule aliyekataa. Nashukuru kijana wa kaunta, alitueleza bila dharau. Na wewe, mama wa chai, simama wakuone... Hataki. Anasema nimalize, watu wana njaa.

Basi namaliza. Mkifanya mnada, semeni kabla bei haijaanza kupanda: kulipa ni pesa ikitoka, au ni pesa ikifika? Ikivuka mpaka, ongezeni siku. Hilo ni la biashara. La pili ni hili. Kabla hujamwita mtu mwizi kwenye simu, panda gari uende kwake, ukamwite mwizi akikutazama. Mimi nilikuwa nimetayarisha matusi njia nzima kutoka Tororo, na mengine ya Kidhopadhola, lugha ya kwetu, ambayo hayana Kiswahili. Nilipofika mbele ya yule mwanamke na unga wake mikononi, sikuona hata moja la kumpa.