Aliyejibu "Wazi"

Kijiwe chetu kiko nyuma ya uwanja mdogo wa ndege. Benchi limeegemea uzio wa waya, na mwenye birika ni mimi. Kazi yangu kumimina kahawa na kusikiliza uongo. Tangu maegesho ya kule mbali yaanze kukarabatiwa, vindege vidogo vinaegeshwa huku kwetu, karibu kiasi cha kumsikia rubani akikohoa. Juzi asubuhi kimoja kiliwashwa Fundi akiwa bado ameinama mbele yake, anatoa kabari kwenye gurudumu. Panga la ndege, lile feni la puani, likampiga mkono. Fundi ni mtu wetu, kila siku nampitishia kahawa kwenye tundu la uzio. Kesho wakubwa wa uwanja wanakaa kuamua kama kosa ni lake au la rubani, na kijiwe hakikuweza kuwangoja.

— Kosa ni la joto, akaanza Kinyozi. Injini ikishachemka, panga linajizungusha lenyewe.

— Asubuhi ile ichemke na nini? akadakia Profesa, ambaye ni fundi redio, uprofesa kajipa. Ni upepo ule. Uliingia puani mwa ndege kidogo kidogo. Si wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba?

— Kibaba kimefikaje uwanja wa ndege?

— Wewe nyoa tu, mambo ya anga tuachie.

— Basi nikwambie la anga. Ile ndege iliwahi kukata mtu huko ilikotoka, wakaipaka rangi upya, wakaiuza. Chuma kinakumbuka, Profesa. Mazoea yana taabu.

— Panga limezoea nini sasa?

— Mikono!

Nilicheka, halafu nikaona haya, maana kikombe cha Fundi kilikuwa bado kwenye sinia langu.

Spika hakucheka. Huyu anaita abiria stendi, na sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza. Siku hiyo alikaa pembeni kabisa, kahawa yake imepoa.

— Spika, leo umemeza ulimi? Kinyozi akamchokoza.

— Mwangwi, akasema.

— Mwangwi gani?

— Rubani alitoa kichwa dirishani, akaita "Panga!" Akasikia "Wazi!" Ndipo akawasha. Basi ni mwangwi. Sauti yake iligonga ukuta wa karakana, ikarudi.

— Ingerudi "Panga," bwana, Profesa akasema. Mwangwi haubadilishi neno.

— Mwangwi wa siku hizi umesoma.

Siku nyingine tungeanguka chini kwa kicheko. Utaratibu wao ni kwamba rubani akiita "Panga!", yule aliye chini anaangalia huku na huku, anasogea, kisha anajibu "Wazi!" Ndege zilipokuwa zinaegeshwa kule mbali, Spika alikuwa akiwajibu kutoka hapa benchini, eti naye ameajiriwa. Hawakumsikia, na sisi mbavu hatuna. Zilipohamia karibu, hakuna aliyemwambia basi. Juzi pia tulicheka, mpaka tuliposikia ukelele upande wa pili wa uzio. Najuta. Neno moja tu lingetosha, nami nilikuwa na mdomo.

— Rubani ni mwongo, Kinyozi akasema haraka haraka. Hakusikia kitu.

— Hakusikia kitu kabisa, Profesa akaunga mkono.

— Mdomo uliponza kichwa, Spika akanong'ona.

— Safari hii umeponza mkono, nikamwambia.

Hapo ndipo mke wa Fundi alipotokea, ametoka hospitali, mkononi mfuko wa nguo za kufua. Tukasimama wote.

— Karibu, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?

— Yupo. Mkono wameuondoa jana jioni, akasema, akajishika chini ya kiwiko.

— Pole sana, shemeji.

— Nimeshapoa. Shemeji zangu, sikai. Rubani anaapa alisikia mtu akijibu "Wazi!" Mume wangu alikuwa amevaa vile viziba masikio, hakusikia lolote. Sasa kutwa anajiuliza, labda alijibu mwenyewe bila kujijua? Ameniambia kesho atawatumia neno wakubwa kwamba kosa ni lake, yaishe. Nami nikasema, ngoja kwanza, niwaulize waliokuwa pale. Nani alijibu?

Profesa aliangalia ndani ya kikombe chake. Kinyozi alianza kujifuta mikono iliyokuwa mikavu. Spika akafungua mdomo, nasi tukamtazama, tukitamani aseme na tukiogopa asije akasema. Akaufunga. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Sikumimina.

Shemeji alitupitia uso mmoja mmoja, akauhamisha mfuko mkono wa pili.

— Haya. Nitamwambia hamkusikia.