Babu Mmoja Alibeba, Mwingine Alibebewa

Mama zangu, shikamooni. Marahaba zenu nimezipokea zote, hata ya yule aliyeitika huku anatafuna karanga. Mwenyekiti ameniomba nisimame niwaeleze yaliyonipata kabla sijasafiri, na amenionya nisimtaje mtu kwa jina. Sitamtaja. Ila mtaa wetu huu wa Kanyenye ni mdogo, mtakaojijua mtajijua wenyewe.

Mnanijua. Mimi ni binti wa yule marehemu muuza vitambaa, Mwarabu wetu wa hapa hapa, na mama yangu ni mwenzenu humu kikundini, Mnyamwezi wa kijiji cha kule upande wa Isikizya. Nikipita barabarani naitwa Mwarabu. Nikienda Idi kwa ndugu za baba, naitwa "Mnyamwezi wetu". Nilizoea yote mawili, wala hayakuniuma. Shuleni tulifundishwa kwamba kuulizana makabila si ustaarabu, na karatasi zetu zilitaka jina, tarehe ya kuzaliwa na mkoa, basi.

Sasa nilipomaliza kidato cha sita nikapata habari za chuo kimoja ng'ambo, chuo kizuri, kinachofundisha uhandisi wa maji na kinachomlipia mwanafunzi kila kitu. Maji ndiyo ndoto yangu. Mama amekwishawasimulia alivyokua akifuata maji bondeni kiangazi kizima, na mimi nilikua nikisikia hayo hayo. Nikaanza kujaza maombi kwenye kompyuta. Jina, sawa. Masomo, sawa. Halafu nikafika penye swali: asili yako ni ipi? Chini yake visanduku: Mweusi, Mweupe, Mwasia, na vinginevyo. Na maelezo madogo kwamba mwenye asili ya Uarabuni ahesabiwe Mweupe. Unaruhusiwa kuchagua zaidi ya kimoja, na ukitaka unaacha wazi.

Ndugu zangu, nilicheka peke yangu. Nikampelekea ami, mdogo wake baba, ambaye mnajua ni mweusi kuliko mama yangu. Nikamsomea. Akavua miwani.

"Mimi Mzungu?"

"Ndivyo wanavyosema, ami."

"Basi kuanzia leo msinipe tena ugali hapa nyumbani."

Kicheko chetu kiliishia hapo. Maana kila niliyemwomba ushauri alikuja na lake. Mwalimu mmoja akasema jaza Mweusi, wanawahurumia weusi. Binamu yangu akasema jaza Mweupe, maelezo si yao wenyewe? Jirani akaniambia niache wazi, asiyesema hakosi. Mwingine tena, aliyewahi kusoma huko, akasema sheria zao zimebadilika, siku hizi hawaruhusiwi kuchagua watu kwa kutazama kisanduku, ila ukijieleza kwenye insha wanasoma. Basi kisanduku hicho ni cha nini? Hata yeye hakujua.

Nikajaza Mweusi. Nikampigia simu rafiki yangu tuliyelala naye bweni moja, nikamwambia. Akacheka, halafu akasema, "Shule nzima ulikuwa Mwarabu. Leo ufadhili umefika, umekuwa mweusi?"

Nawaambia ukweli, neno lile liliniingia kama mwiba wa samaki. Nikafuta. Nikajaza Mweupe, nikajitazama kwenye kioo, nikafuta. Nikajaza vyote viwili, nikajiona mwizi wa pande mbili. Nikaacha wazi, nikaona nimemkana baba na mama kwa pamoja. Nilikuwa naamka naenda kwenye kompyuta kabla ya kunawa uso. Siku ya mwisho ya kutuma ilinikuta nimekaa mbele ya kile kisanduku, na ikapita.

Mwaka ule, mama zangu, sikutulia mahali. Nilianza kushona, nikaacha. Nikaenda saluni kujifunza kusuka, nikaacha. Nikasimama dukani kwa ami, mteja akiniuliza bei namtazama tu. Jioni nilikuwa natembea kutoka huku kwetu mpaka stesheni, natazama mabehewa, narudi. Watu wakasema binti wa Mwarabu ana mtu stesheni. Laiti ningekuwa naye! Nilikuwa nawatazama watu njiani najiuliza: huyu angejaza nini? Na yule? Nikiongea Kiswahili najisikiliza, nikila kwa mkono naangalia vidole vyangu. Mtu akishaanza kujichunguza hivyo, hata chumvi haina ladha. Mama alikuwa ananitazama, haniambii kitu.

Halafu bibi yangu, mama yake mama, akafariki.

Tukaenda kijijini msibani. Ami naye akaja, alimheshimu sana bibi. Mimi kwa jinsi nilivyokuwa sikwenda kukaa na wajukuu wenzangu. Nilijikalisha pembeni kabisa ya mkeka, walipokaa wageni wa kutoka mjini, nimejifunika ushungi mpaka kwenye nyusi.

Mnawajua watani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanashuka na mizigo mpaka pwani na kulala kwao njiani. Sasa kijijini kwa bibi kuna mama mmoja Mzaramo, ameolewa pale miaka mingi. Huyo mama asipokuwepo, msiba haujakamilika! Alitoka ndani amevaa kitenge cha marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, anatembea kwa kuchechemea vile vile kama bibi, anagombeza kuku kwa sauti ile ile ya bibi. Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao.

"Nyie wapagazi!" akapaza sauti. "Mmeniulia mtani wangu kwa kumlisha michembe, viazi vyenu vikavu! Hazikwi mtu hapa mpaka mnilipe!"

Akamfikia ami. Nilidhani atamvua kofia. Akasimama, akamwamkia kwa adabu, akaagiza kiti. "Mleteeni mgeni kiti." Ami akaletewa kiti, na maji ya kunywa kwenye glasi.

Kisha akanigeukia mimi. Sikupewa kiti. Alinivuta ushungi, akachota unga wa muhogo aliokuwa ameufunga pembeni mwa kitenge, akanipaka uso mzima.

"Na huyu kajificha kwa wageni ili asiteke maji! Mtazameni! Babu yake mmoja alibeba pembe za ndovu za babu yake mwingine kutoka hapa mpaka pwani. Mmoja alibeba, mwingine alibebewa, na malipo hakuna! Sasa mjukuu anataka kumdai nani? Atajidai mwenyewe! Simama, mpagazi, kateke maji!"

Msiba mzima ulicheka. Nami nikacheka, ndugu zangu, nikacheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu bibi afe. Nikaenda kuteka maji na unga usoni.

Wenzangu, mgeni hataniwi. Nani anampaka mgeni unga? Yule rafiki yangu wa bweni alinikata kwa maneno machache, kwa sababu alikuwa ananitoa. Mama wa Kizaramo alinitukana mbele ya kijiji kizima, nikapona, kwa sababu alikuwa ananirudisha.

Wakati wa kurudi mjini ami ndiye aliyeendesha gari. Tulipokaribia Tabora akasema, "Mimi tangu kaka yangu amuoe mama yako, nikifika pale napewa kiti." Alisema kwa unyonge kidogo. Halafu akaniuliza, "Na wewe kwangu umewahi kupewa kiti?"

Kwa ami sijawahi. Nikiingia tu mke wake ananipa mbuzi na nazi: kaa chini ukune, wageni wanakuja.

Msimu wa maombi ulipofika tena, nikaomba. Nilijaza Mweusi na nikajaza Mweupe, na hicho cha pili hata leo kinanichekesha, lakini kama ndivyo wanavyomwita babu yangu huko, basi nao watanizoea. Kwenye insha niliandika habari ya mtu aliyebeba na mtu aliyebebewa, na mjukuu wao anayetaka maji yafike kijijini bila kubebwa kichwani na mtu. Nikatuma mchana kweupe, nikaenda kula.

Wamenikubali. Msinishangilie kwanza. Sijui kama kisanduku kilinisaidia au nusura kiniponze, wala sitajua kamwe. Jambo hilo bado linanichoma kidogo, sitawadanganya kwamba nimetulia kama mtungi.

Nawashukuru nyinyi mlionipikia na kunisemesha nilipokuwa sitaki kusemeshwa. Namshukuru ami. Namshukuru yule mtani, nilimpelekea khanga akaikataa, akasema anataka deni la babu.

Nimeruka jambo moja, kwa sababu nilijua nitalia. Kabla sijatuma ile insha nilimsomea mama kwa Kiswahili, jikoni, yeye anapepeta mchele. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila kuinua uso, "Na mimi nimo?"

Kumbe mwaka mzima ule nilioutumia kuuliza walimu na majirani, mama yangu alikuwa anangoja kujua kama nitamwandika au nitamwacha. Hakutaka kunishawishi. Alikuwa anaogopa jibu.

Kwa hiyo mama zangu, mtoto wako akija na swali kama hili, usianze kumwambia ajaze kitakachompatia nafasi. Mkalishe chini, mwambie wewe ni nani na baba yake ni nani, na babu zake walipita wapi, na mabaya usiyafiche. Akishajua hayo atajaza mwenyewe.

Nilimwambia, "Mama, umo. Wewe ndiye niliyeanza naye." Akaendelea kupepeta, lakini mchele ulikuwa unamwagika wote chini.