Mlinzi Haondoki: Generosa Thadei Malale na Jukwaa la Mafundi Pampu na Hewa

Baba Padre, mama yetu Marselina, shemeji yetu Celestin na watoto, majirani wa Makanyagio, ndugu mliotoka Kabungu na Mishamo, na nyie mafundi ambao leo mnaiona sura ya dada yetu kwa mara ya kwanza, tena kwenye picha iliyowekwa juu ya jeneza, familia imenituma mimi Marselino, mdogo wake, niwasomee alikotoka na alivyoishi, na imeniruhusu kusema ukweli, kwa hiyo naanza nao, kwamba marehemu alikuwa mwoga. Nalisema mapema kabla wasemaji wengine hawajamwita shujaa, maana angekuwa hai angewakatalia hapo hapo. Mama alizoea kumtania kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, sasa leo kilio kimekosea njia, kimeingia kwa mwoga, na sisi hatujui tukipokeeje.

Generosa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1986 katika kijiji cha Kabungu, wakati huo kikiwa bado Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Thadei Malale na Mama Marselina, akimfuata kaka yetu mkubwa Agustino. Tangu utotoni aliogopa mashimo. Nyumbani kulikuwa na kisima kilichochimbwa kwa mikono, na Agustino alipenda kuinama juu yake na kupiga kelele ili asikie sauti ikirudi, naye Generosa alikuwa akimshika shati kwa nyuma kwa mikono miwili, analia, haachii mpaka kaka yake arudi nyuma, na kwa ajili hiyo Agustino alimpachika jina la Kamba, na wazee wa Kabungu mliopo hapa mnajua kwamba jina hilo halikumtoka hadi amekuwa mama wa watu.

Alisoma shule ya msingi hapo Kabungu kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akaendelea na sekondari hapa Mpanda mjini mwaka 2001 hadi 2004, kisha akaenda chuo cha ufundi Mbeya, alikohitimu stashahada ya ufundi mitambo mwaka 2008, msichana pekee katika darasa lake, na huko ndiko alikokutana na rafiki yake Dorice aliyekuwa akisomea kompyuta, ambaye mtamsikia tena mbele. Walipomuuliza kwa nini amechagua pampu na si magari kama wenzake, alijibu kwamba pampu inaleta maji juu ili mtu asihitaji kuyafuata chini. Mnaona wenyewe, hata fani aliichagua kwa woga.

Mwaka 2009 aliajiriwa na mkandarasi aliyekuwa akitengeneza visima vya vijijini, akazunguka Mishamo yote kwa baiskeli na pikipiki, na tarehe 23 Oktoba 2010 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Celestin Mwandu hapa Mpanda, wakajaliwa watoto watatu, Rahel aliyezaliwa mwaka 2012, Richard mwaka 2015, na Upendo mwaka 2019. Mwaka 2015 alifungua karakana yake hapa Makanyagio, ile yenye mlango wa bluu, na wengi wenu mmekaa pale kwenye benchi mkisubiri pampu zenu huku akiwagombeza kwa kutobadilisha oili.

Tarehe 9 Juni 2016 kaka yetu Agustino alifariki ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, na familia inaomba ieleze ilivyokuwa, kwa sababu bila hilo maisha ya dada hayaeleweki. Pampu ya petroli ikikaa juu ya shimo haiwezi kuvuta maji yaliyo chini zaidi ya mita saba hivi, hata uifungie mpira mzuri namna gani, sasa asiyejua hilo akiona maji hayaji anaifunga injini kwa kamba anaishusha iyasogelee maji, na injini ikishanguruma mle ndani inajaza duara hewa yenye sumu isiyoonekana kwa macho, na anayeshuka kuizima hapandi. Agustino alishuka kuizima. Generosa alipofika mbio kutoka karakana, wenye duara walimzuia asisogee, wakidai mwanamke akikaribia mdomo wa duara dhahabu inakimbia, akabaki amesimama mbali, yeye tuliyekuwa tukimwita Kamba, akitazama watu wengine wakivuta kamba. Watu walisema duara lina mzimu, wengine wakasema lilitaka kafara, naye akasema ni injini, na hakuna aliyemsikiliza.

Miaka iliyofuata alihangaika kuwaonya mafundi kwenye makundi ya simu, lakini aliona kwamba kwenye kundi mtu akijibiwa vizuri leo, kesho jibu limefunikwa na salamu za asubuhi, na anayekuja mwezi ujao anauliza upya lile lile, labda akiwa tayari amekaa mdomoni mwa shimo. Ndipo akamwendea Dorice, wakatengeneza jukwaa la mtandaoni ambalo swali na jibu lake vinabaki pamoja na mtu yeyote anaweza kuvitafuta, wakaliita Jukwaa la Mafundi Pampu na Hewa, na likafunguliwa tarehe 6 Machi 2021 pale karakana, kwa soda na maandazi. Jamani, watu wanadhani kufungua kitu ni furaha. Dada hakula hata andazi moja, aliogopa watu watamcheka kwamba ni mwanamke, kwa hiyo akajiandikisha kwa jina la Fundi Malale tu, nanyi mkawa mnamwita Mzee Malale, na alipowatumia sauti kwa mara ya kwanza mmoja wenu aliuliza kwa heshima zote kama mzee ameoa mke mwingine. Aliogopa pia kwamba hatakuja mtu, lakini hofu kubwa kuliko zote, aliyomweleza Celestin siku ile ile, ilikuwa kwamba atakuja mtu, atajibiwa vibaya, na atakufa kwa kutii jibu la jukwaa lake.

Alikuja. Tarehe 17 Mei 2021 fundi aitwaye Ndaki, ambaye hatukumjua, aliandika kwamba pampu yake haivuti na bosi amemwambia aishushe, na kabla dada hajaona, mwanachama mwingine alikuwa ameshamjibu kwamba ashushe tu, ila aunge bomba refu la moshi. Dada aliposoma alikaa chini sakafuni, akaandika "Usiishushe", akarudia, akarudia, na Ndaki kimya. Hakuwa na namba yake, hakujua duara liko wapi, hakujua hata kama ni Katavi au mkoa mwingine, na Celestin anasema alimkuta ameshika simu kwa mikono miwili vile vile alivyokuwa akishika shati la Agustino. Jioni Ndaki akajibu kwamba simu ilizimika chaji, kwamba alikuwa ameshaifunga injini kamba, akasitasita, akaacha.

Kutokana na siku hiyo aliweka ile sheria ambayo nyie mafundi mnaijua kuliko sala zenu, kwamba hakuna anayeshuka kabla hajaacha namba ya watu walio juu, kwamba akishuka anaandika "Nashuka" na akipanda anaandika "Nimepanda", na kwamba katikati ya maneno hayo mawili kuna mlinzi mmoja wa jukwaa, aliyechaguliwa na anayeshuka mwenyewe, anayesubiri, na mlinzi haondoki alipokaa mpaka aliyeshuka apande. Wengi walilalamika kwamba ni usumbufu, kwamba fundi mzima analindwa kama mtoto mchanga, naye aliwajibu kwamba asiyetaka kulindwa aende akatengeneze redio.

Mwezi Septemba 2022 mtu asiyejulikana alimpigia simu akisema jukwaa linaharibia watu kazi, vijana sasa wanakataa kushuka, alifute, kisha akamuuliza kwa upole kabisa watoto wake wanarudi shuleni kwa njia gani. Shemeji Celestin alimwomba kwa machozi afunge, mama akamwomba, sisi wote tukamwomba, taarifa ikapelekwa polisi, na dada, ambaye nimeshawaambia alikuwa mwoga, akafunga. Mwezi Oktoba, jukwaa likiwa bado limefungwa, wanaume wawili walifariki ndani ya duara moja kwa injini iliyoshushwa. Hakuna ajuaye kama wangeuliza, huenda hawakuwahi hata kulisikia jukwaa, lakini dada hakuacha kujiuliza, akakonda. Tarehe 30 Oktoba alilifungua tena, akamwambia mumewe kwamba anaogopa yule wa simu, lakini anawaogopa zaidi wale wawili, na kuanzia hapo aliwasindikiza watoto shuleni na kuwarudisha yeye mwenyewe. Simu ile haikupigwa tena, ila dada aliishi kama vile itapigwa kesho.

Mwezi Februari 2024 alianza kuvimba miguu, akapimwa hospitali hapa Mpanda, akapewa rufaa kwenda Mbeya, ikagundulika figo zote mbili zimechoka, akawa anasafishwa damu huko, na kila tulipokwenda kumwona tulimkuta simu iko kifuani. Alituambia wazi kwamba kifo anakiogopa, hakujifanya, alisali rozari huku akilia, lakini alichouliza kila siku ni nani atasubiri. Tulimjibu apumzike kwanza, hayo tutayaona, na sasa tunaelewa kwamba halikuwa jibu. Jumanne tarehe 3 Juni 2025 alfajiri Mungu alimchukua, mumewe akiwa pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mpanda na Mbeya waliompigania, Paroko na jumuiya ndogondogo, majirani wa Makanyagio mliopika na kukesha nasi, Dorice aliyelishika jukwaa lisilale hata siku moja, na mafundi wenzake wote mliosafiri, hatuna cha kuwalipa ila dua.

Haya yanayofuata hayakuwamo kwenye karatasi hii, nimeyaongeza kwa kalamu asubuhi. Mnamwona shemeji Celestin, amekaa karibu na jeneza na simu ya marehemu mkononi, na nimesikia wengine mkinong'ona kwamba hata leo haiachi simu. Asubuhi Ndaki, yule yule wa injini iliyofungwa kamba, aliandika kuomba radhi kwamba hatafika mazikoni, duara analohudumia limejaa maji na mwenye nalo hakukubali kusubiri, kisha akaandika "Nashuka", na mlinzi aliyemchagua ni Fundi Malale, kwa sababu hajawahi kuchagua mwingine. Muda aliosema atapanda umepita. Tumepiga simu kwa watu walio juu, wanasema amefika kwenye pampu ya umeme iliyokwama chini na kamba bado inatikisika kutoka chini, lakini kamba kutikisika siyo kupanda, hilo dada alitufundisha. Celestin, ambaye ndiye aliyemwomba alifunge jukwaa, amesema hanyanyuki pale, na Baba Padre amekubali, jeneza halitatoka nyumbani hapa mpaka Ndaki apande. Najua jua linapanda na wengine mmetoka mbali, najua mnaogopa, hata mimi naogopa, basi tunawaomba mkae, tuogope pamoja, ndivyo alivyoishi.

Pumzika kwa amani, Kamba wetu, shati la Ndaki tumelishika sisi.