Mkono wa Kulia wa Profira

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Profira, mama ambaye baadaye alikaa mbele yangu kwenye basi, aliinua ndoo ya zabibu na bega la kulia likakataa.

Miezi mitatu baadaye, tulipopita kanisa, basi zima tulifanya ishara ya msalaba. Yeye alitumia mkono wa kushoto, na jirani yake, Domnica, akamkodolea macho. "Dada, kwa mkono huo unamsalimia shetani."

"Wa kulia umeganda, mama. Nimeufunga kitambaa miezi mitatu upumzike."

"Umeufunga? Ndiyo maana umezidi kuganda. Ukande kwa maji moto, halafu tembeza vidole ukutani kama buibui, kila siku. Bega langu lilichukua mwaka na nusu, sasa napaka dari chokaa."

"Zahanati hawakuniambia."

Zahanati ipi, nikawaza. Wakubwa waliifunga, na marehemu mke wangu bado anangoja zamu yake.

"Jumapili mimi ndiye mama wa ubatizo," alisema Profira. "Padri akiuona huu wa kushoto, ananifukuza."

"Basi anza hapa hapa."

Profira akafungua kitambaa, akapandisha vidole vya kulia kwenye kioo cha dirisha chenye ukungu, vikaacha mstari mpaka usawa wa kidevu. Akautazama, akatabasamu. Basi likasimama, Domnica akainuka kushuka.

"Mama, mpaka Jumapili nitakuwa nimefika kwenye paji la uso?"